Viwanja vya bure vya Peacehaven

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Brighton, huku Uingereza. Sisi wazima, mtoto kaanza shule na baridi ndiyo hiyohiyo. Lile tangazo la viwanja vya Kigamboni ulilonitumia, ukiniuliza kama bei ni nzuri, nimelisoma. Nilipofika pale waliposema kiwanja bure, unalipia hati tu, nikacheka peke yangu kwenye basi mpaka mzee wa jirani akanigeukia. Maana basi letu, namba 12, hupita Peacehaven, na mji ule ulianza hivyohivyo.

Vita vya Kwanza vikiwa vimepamba moto, bwana mmoja Charles Neville alinunua ardhi juu ya magenge meupe ya chaki, kati ya hapa na Newhaven. Mwaka 1916 akatangaza shindano magazetini: nani ataupa jina mji ambao hata haujajengwa? Likashinda New Anzac-on-Sea, kwa heshima ya askari wa Australia na New Zealand. Utamu sasa uko kwa wale ambao hawakushika namba moja. Watu chungu nzima wakapata habari njema: umejishindia kiwanja cha pauni 50, bure! Ila ulipe gini tatu za kuandikisha, yaani pauni 3 na shilingi 3. Hiyo 50 nani aliipanga, kama si mwenye mali mwenyewe? Na aliyepewa kimoja, akitaka nafasi ya bustani, atanunua cha pili kwa nani?

Gazeti la Daily Express likamvalia njuga, likasema ni ulaghai. Naye akalishtaki, kesi ikapanda mpaka House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa wakati ule. Ungedhani kaumbuka. Wapi! Jina la mji wake likawa midomoni mwa watu bila yeye kulipia tangazo. Mwaka 1917 akalibadili kuwa Peacehaven, watu wakiwa wamechoshwa na vita, na miaka ya 1920 wanajeshi waliorudi walikuwa miongoni mwa walionunua na kujenga vijumba vyao vya chini. Alikuwa hata na jarida lake la kuusifia mji. Nikiri, jamaa alijua kuuza. Reli tu ndiyo haijafika hadi leo, ndiyo maana asubuhi wafanyakazi wa huko tunabanana nao kwenye basi.

Kuna mnara pale ukingoni, wa mwaka 1936, mahali mstari wa Greenwich, ule wa longitudo sifuri, unapoiacha Uingereza na kuingia baharini. Umeshahamishwa kurudishwa ndani, kwa sababu genge linaliwa na bahari.

Kwa hiyo shoga, usiniulize kama bei ni nzuri. Waulize bikoni za mipaka ziko wapi na maji yanapanda mpaka wapi. Hela ya hati inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, au inaingia kwenye simu ya mtu? Na wakikwambia pantoni ni dakika chache, nenda saa kumi na mbili asubuhi ukapange foleni mwenyewe. Mchukue kaka Bakari, asikuache uongee nao peke yako.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Rehema