Shukrani kwa mzee wa meza ya dirishani

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuwahi kuuliza, na sasa muhula umeisha, kwa hiyo nakushukuru hapa hadharani.

Mimi ni yule kijana wa Kitanzania uliyemsikia maktabani akinung'unikia zoezi la aljebra, "Hii nayo imetoka wapi?" Ukacheka, ukanijibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Huku Marekani, na theluji ile nje! Nusura nilie.

Kila nikifungua (x + 5)² nilikuwa naandika x² + 25, na kila mara nakosa alama. Hukunikemea. Uligeuza risiti yangu ya dukani, ukachora mraba wenye upande x, ukaubandika mstatili wa 5 kwa x kulia, na mwingine chini. Kwenye kona pakabaki pengo la 5 kwa 5. "Hapo ndipo inapokaa 25. Sasa hii mistatili miwili umeipeleka wapi?" Kumbe 10x nilikuwa naitupa tangu Septemba.

Kisha ukanipa swali la al-Khwarizmi wa Baghdad, wa karne ya 9, ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra: x² + 10x = 39. Tukajaza pengo la mchoro ule ule: 39 na 25 ni 64, kipeuo chake 8 ndicho upande mzima, x + 5; toa 5, x ni 3. Lile jibu la pili, hasi 13, yeye hakulihesabu. Mwalimu wangu analihesabu.

Logi, ile mada nyingine ya hesabu, bado zinanitesa, sikufichi. Lakini nimepata B. Risiti ninayo, nimeikunja kwenye kifuniko cha kikokotoo. Nina deni lako la chai ya tangawizi. Jumamosi nitakuwa meza ile ile.