Kwa wanangu watano wa mashine ya matofali

Wanangu,

Juzi nimepita uwanjani kwenu nikitoka sokoni. Mashine imefunikwa turubai na kuku ametaga chini yake. Miezi minne tangu ishushwe kwenye gari haijatoa tofali hata moja, na ninyi watano hamsalimiani. Nimeumia, kwa sababu siku mlipopata mkopo wa halmashauri nilikuwepo na nikawapigia vigelegele.

Mashine inataka umeme wa njia tatu, ule wa mashine kubwa, uwanja una njia moja tu, ule wa nyumbani. Mmoja wenu alilijua hilo tangu mwanzo. Mdogo wenu aliyefanya kibarua miaka miwili kwenye yadi ya matofali alinyoosha mkono kikaoni, akaambiwa asubiri viongozi wamalize. Viongozi wakamaliza, wakafunga kikao, na kesho yake mwenyekiti na katibu wakaenda kununua. Nilipomuuliza kwa nini hakuwafuata baadaye, alinijibu, "Mama, mimi ni mjumbe tu."

Mjumbe tu! Kati ya watu watano, aliyewahi kushika chepe na kuijua saruji ndiye mliyemkalisha pembeni. Mwenyekiti mlimchagua kwa kuwa anajua kuongea, katibu kwa kuwa ana mwandiko mzuri, mweka hazina kwa kuwa ni msichana na mnasema wasichana hawaibi. Kazi yenyewe, ya kuchanganya, kufyatua, kumwagilia na kuuza, haikupewa mtu. Mligawana vyeo mkasahau kugawana kazi.

Mimi nimeshika ufunguo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa kwa miaka tisa. Kisanduku chetu kina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Wangu naufunga kwenye pindo la khanga. Usiku mmoja mwenyekiti wetu alikuja kwangu na mtunza kisanduku. Shemeji yake alikuwa na shida ya kweli, na funguo mbili walikwisha kuzipata. Alinisihi, akalia. Nikamwambia, dada yangu, Jumamosi tukikaa wote nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono apewe, lakini usiku huu sifungui. Hakunisemesha miezi mitatu, na mimi nilikuwa nalala vibaya. Jumamosi ile wanachama walimpa shemeji mkopo, mbele ya macho ya wote, na hakuna aliyenung'unika. Mwisho wa mzunguko tukagawana akiba yetu hadi shilingi ya mwisho. Ninyi mlikosa mtu wa kuwaambia ngojeni hadi Jumamosi.

Kosa si lenu peke yenu. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, tena bila riba. Ni fedha njema. Lakini mtaani watu wanatafutana kwa sababu ya fomu, katiba inanakiliwa kwa jirani, kikundi kinazaliwa Jumatatu na Ijumaa kinaomba mamilioni. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo, vikundi hewa na madeni yasiyolipwa yakiwa yametapakaa, mikopo ikarudi 2024. Na sisi wazazi tumewalea kuamini kwamba mdogo akisema mbele ya mkubwa amekosa adabu. Hapo tumewaharibu, na ninawaomba radhi.

Mengine mnayajua. Fedha zishikwe na wawili. Maamuzi yaandikwe siku hiyo hiyo na kusomwa kwa sauti. Faini ya kuchelewa ailipe hata mwenyekiti. Uongozi uwe na mwisho.

Mkopo bado mnadaiwa kama kikundi, wote watano, hata mkigombana hadi uzeeni. Nasikia mota inaweza kubadilishwa, au mkaomba TANESCO njia tatu, au mkakodi uwanja wenye umeme huo. Mimi sijui ipi ni nafuu. Anajua yule mjumbe.

Jumapili baada ya alasiri nitakuwa nyumbani, chai itakuwa tayari. Njooni wote, na mwenyekiti usibaki nyuma kwa aibu, wewe pia ni mwanangu. Mdogo wenu ataanza kuzungumza, na hakuna atakayemkatiza hadi amalize.

Mama yenu wa ufunguo