Ulisimama Mara Mbili Kilimani

Kibosho, Moshi
21 Januari 2026

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako ya juzi niliipata, marahaba. Huku hatujambo. Bibi yako anaendelea vizuri, ila goti linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, na bado hataki kuletewa maji ya kunawa kitandani. Ng'ombe amezaa Jumatatu, ndama jike mwenye paji jeupe.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unaniambia "sawa mama" kabla sijafika nusu ya neno. Hili nataka ulisome mpaka mwisho.

Siku ile mlipofika kwa ajili ya Krismasi, gari mliliacha barabarani kwa sababu ya tope, mkapanda kwa miguu. Nilikuwa nimesimama juu, kwenye migomba ya bibi, nikiwatazama. Ulisimama mara mbili. Mara ya kwanza ulijifanya unasikiliza simu. Mara ya pili ulishika ua wa masale, ukainama, mabega yakipanda na kushuka. Mkeo alikuwa mbele na watoto, hakukuona. Mimi nilikuona. Una miaka 36, baba. Bibi yako ana miaka 94, na njia hiyohiyo anaipanda kila Jumapili akitoka misa, polepole na fimbo yake, na akisimama ni kwa kusalimiana na watu.

Jioni ile nilikupima presha nikakwambia imepanda kidogo, ni uchovu wa safari. Sikukwambia kweli. Ilikuwa 162 kwa 98. Nilikupumzisha nusu saa, nikapima mkono wa pili, ikaja karibu ileile. Nyumba imejaa wageni, shangazi zako wanacheka, wewe mwenyewe umempakata mwanao, nikashindwa. Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka 30 na nimewatajia watu namba mbaya kuliko hiyo nikiwatazama usoni. Kwako ulimi uliniwia mzito. Unisamehe.

Sababu ya ulimi kuwa mzito unaijua. Baba yako alizaliwa mwaka 1956 na alianguka kiharusi mwaka 2014 hukohuko Dar es Salaam, akiwa na miaka 58. Tulimleta kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mama yake mzazi, huyuhuyu bibi yako, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 82, akasimama kwenye kaburi la mwanaye wa kwanza. Hakulia pale. Alilia miezi mitatu baadaye, tukiwa tunapalilia maharage, akaniambia: "Mimi ndiye niliyepaswa kutangulia." Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza inakuwaje mama afike miaka 90 na mtoto wake, damu yake mwenyewe, asifike 60. Waliishi nyumba moja, kwenye mlima uleule. Tofauti ilikuja baba yako alipopata kazi mjini akiwa kijana.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu mmoja alitusimulia habari za daktari Mwingereza, Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, sehemu kubwa akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1956, ule ule aliozaliwa baba yako, alichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki taarifa ya mgonjwa wa Kiafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja. Ugonjwa huo ulikuwa nadra kwa watu wetu kiasi kwamba mtu mmoja alistahili kuandikiwa makala. Wakati baba yako analazwa, wodi ilikuwa imejaa watu wa presha, sukari na kiharusi, wengi wao rika lake, na hakuna daktari aliyeshangaa. Mabadiliko yote hayo yametokea ndani ya umri wa mtu mmoja, tena mtu aliyekufa mapema.

Sasa usidhani nataka kukuimbia sifa za zamani. Bibi yako alizaa watoto tisa, akazika watatu kabla hawajaanza shule, mmoja kwa surua. Ukisikia watu wanasema wazee wa zamani waliishi sana, kumbuka wanawahesabu waliopona utotoni. Chanjo, maji safi na hospitali ndivyo vilivyowaacha wewe na wadogo zako hai, na nitavitetea mpaka nife. Lakini wale waliovuka utoto na uzazi, wakala vyakula vya kihamba, wakafanya kazi za kihamba, wengi wao walifika uzeeni na mishipa yao ikiwa mizima. Hilo nimeliona kwa macho yangu na kwa kipimo changu. Presha ya bibi yako wiki iliyopita ilikuwa 128 kwa 74.

Umekulia kwake lakini sidhani kama uliwahi kukitazama chakula chake. Asubuhi uji wa ulezi, wakati mwingine na maziwa mgando. Mchana kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, au kitalolo chenye mboga za majani nyingi kuliko ndizi. Mnafu ule mchungu mliokuwa mnaukimbia. Magimbi, viazi vikuu, parachichi linapodondoka. Nyama ilikuwa ya siku ya kuchinja, na siku ya kuchinja haikuja kila wiki. Mtori, ile supu ya ndizi na nyama, ulikuwa wa mzazi na mgonjwa. Sukari bibi aliiona ukubwani. Ugali ulikuwa wa mahindi yaliyosagwa na ganda lake, ambao ninyi sasa mnauita dona na mnauona ni wa wanafunzi wa bweni.

Na hakukikuta mezani. Alitelemka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda tena na mzigo kichwani, nguvu zake zikiliwa na kilima kabla ya chakula kuzigusa. Saa mbili usiku alikuwa amelala. Ugomvi wake na jirani ulimalizwa kwa isale, jani la kuombea msamaha, kabla haujaota mizizi. Mambo haya siwezi kuyatenganisha na kukwambia ni lipi hasa lililomfikisha hapo. Yalikuwa maisha ya namna moja, kila kitu kimeshikana na kingine.

Kuna watafiti waliowafuatilia Wajaluo wa magharibi mwa Kenya waliokuwa wakihama vijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Waliohama presha yao ilipanda kuliko ya waliobaki, na haikungoja uzee, ilipanda ndani ya miezi michache ya mwanzo. Mkojo wao ulionyesha sodiamu ya chumvi imeongezeka kulinganisha na potasiamu. Mwanangu, potasiamu ndiyo ile iliyomo kwenye ndizi, maharage, magimbi na mboga za majani, na ndiyo inayosaidia figo kutoa chumvi mwilini. Mtu akihamia mjini anafanya makosa mawili kwa pamoja: anaongeza chumvi na anaacha kile kinachoitoa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyofichwa kwenye soseji, mkate, tambi za pakiti na viungo vya mchuzi. Chipsi mayai unayoinyunyizia chumvi kabla hujaionja, sijui inabakiza nini kwenye kijiko hicho.

Halafu mwaka jana, mwezi Aprili, ulitoka utafiti uliofanyika hapahapa kwetu. Watu wa hospitali ya KCMC, hapa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya, wa vijijini na wa mjini, wote wa huku Kilimanjaro. Matokeo yako katika jarida la Nature Medicine. Waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kizungu, cha kukaanga na cha viwandani, kwa wiki mbili. Waliozoea hicho cha mjini wakapewa ndizi, mboga, maharage na nafaka zisizokobolewa, wiki mbili vilevile. Kundi la tatu walikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kila siku kwa wiki moja. Kwa wale wa kwanza, damu ilionyesha inflamesheni imepanda, ule mwako wa ndani usiouma ambao miaka ikipita huharibu mishipa na kuita kisukari, na chembe zao za kinga zikapambana na vijidudu kwa unyonge. Kwa wale wa pili ilishuka. Walipopimwa tena wiki nne baada ya kurudia chakula chao, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo.

Nilisoma habari hiyo nikamwita bibi yako nikamweleza. Akaniuliza kama hao vijana walilipwa kwa kula kiburu.

Usiubebe utafiti huo kupita uzito wake. Walikuwa vijana, wanaume watupu, na hawakupima nani ataishi miaka mingapi. Na najua jicho lako limekwenda moja kwa moja kwenye mbege. Ile ilikuwa mbege ya ndizi na ulezi, kwa kiasi kilichopimwa, kwa siku saba. Haikuwa bia sita za Ijumaa, na haikuwa zile pombe kali za chupa ndogo zinazotumalizia vijana huku. Mwenye presha kama yako pombe aipunguze, hata iwe ya nyumbani.

Kilichonigusa mimi ni zile wiki mbili. Kwa sababu wewe ulikaa kwetu siku 14. Siku mbili za sherehe ulikula nyama kama wote, sikukukataza. Siku nyingine ulikula sufuria moja na bibi yako, uliamka na kwenda mfereji na wadogo zako, simu ikakosa chaji ukalala mapema. Asubuhi ya kuondoka nilikupima ukidhani nakuaga tu. Ilikuwa 144 kwa 90. Bado iko juu, na likizo yenyewe hushusha presha, hilo nalijua. Lakini ulipanda kutoka mferejini bila kusimama. Nilihesabu.

Kwa hiyo nakuomba, na hapa nasema kama mama na kama muuguzi. Wiki hii nenda hospitali ukapimwe presha kwa utaratibu, sukari, figo na mafuta kwenye damu. Ukipewa dawa, meza kila siku, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Baba yako aliacha kwa sababu alijisikia vizuri. Ndizi haziondoi dawa, zinaifanya dawa iwe na kazi ndogo.

Chakula cha huko nakijua, nimekaa kwako mwezi mzima. Najua unatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni na kurudi saa tatu usiku. Sikuombi ulime. Mchana achana na kibanda cha chipsi, nenda kwa yule mama lishe nyuma ya ofisi yako, mwambie akuwekee maharage na mchicha mara mbili, ugali nusu, na chumvi asikuongezee. Mwombe mkeo anunue dona. Jumamosi pitia soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, mkungu ukiugawana na jirani hauumizi mfuko. Na huyo jirani jitahidi umjue jina. Nilikaa mwezi mzima pale kwenu, nikasalimiana na mlinzi peke yake, na moyo wangu ulipata ubaridi. Bibi yako akichelewa kufungua dirisha, watu watatu wanakuja kugonga. Siku gari likiwa gereji, na hata likiwa zima, panda daladala ushuke vituo viwili kabla. Simu ilale sebuleni.

Watoto wasionjeshwe soda kila siku. Mjukuu wangu mkubwa alikataa mnafu siku ya kwanza, siku ya tisa akaomba kuongezwa. Ulimi wa mtoto haujaharibika, unafuata sufuria ya nyumbani.

Sikuandiki haya ili uishi miaka 94. Hiyo iko kwa Mungu. Nina jambo dogo zaidi ninaloliomba, na nimekuwa nikiliomba kila usiku tangu mlipoondoka: nisisimame mimi pale aliposimama bibi yako.

Ijumaa natuma mzigo kwa basi, nitakutumia namba ya risiti kwa meseji. Kuna ndizi mshare, usiziweke kwenye friji zitakuwa nyeusi, zining'inize. Kuna kilo tano za unga wa ulezi, maharage ya bibi, na mnafu nimeukausha kwa sababu mbichi hautafika. Magadi nimeweka kidogo sana makusudi, nayo ni sodiamu, mkeo atumie ncha ya kijiko tu. Chini kabisa, kwenye kanga ya bluu, nimefunga kipimo changu cha presha. Nimebadilisha betri. Pima asubuhi kabla ya chai, ukiwa umekaa, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, mara mbili, uandike kwenye daftari. Nitumie namba kila Jumapili baada ya misa. Nitumie namba yenyewe ilivyo, usinifiche kama mimi nilivyokuficha.

Bibi anauliza ndama aitweje. Amesema watoto ndio wachague.

Mama yako