Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Kaunti Yetu ya Pwani: Choo Kwanza, Sanamu Baadaye

Waheshimiwa wanangu,

Nawaita wanangu kwa sababu baadhi yenu nimewapakia mashuani mkiwa bado mnashikwa mkono na mama zenu. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wageni mwambani kutazama samaki kwa boti ya kioo. Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha umma cha bajeti, nikatoka na hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Ukumbi mzima tulipewa nakala tatu za kitabu cha bajeti, tena cha Kiingereza. Nikamwomba kijana aliyeketi karibu yangu anisomee fungu la utalii. Sanamu ya jahazi kwenye mzunguko wa barabara. Ziara za kujifunza ng'ambo. Tamasha. Nikamwambia arudie, huenda ameruka ukurasa. Hakuwa ameruka.

Sasa nisikilizeni. Desemba iliyopita nilikuwa nimekaa chini ya mvinje pale ufuoni. Akaja mama mmoja wa bara na watoto watatu, mizigo bado mkononi, wametoka kushuka kwenye treni. Akaniamkia vizuri, akauliza choo kiko wapi. Nilinyoosha kidole, na hapo hapo nikaona haya. Jengo la vyoo lipo. Lilikatwa utepe, tukapiga makofi, lakini maji hayakuletwa na kufuli imeshika kutu. Yule mama alimsitiri binti yake kwa leso nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, na mtoto analia. Niliwapa mgongo, nikatazama bahari. Uzee huu wote, mgeni amekuja kwetu na sina pa kumstiri!

Tena mgeni huyo ndiye wa kushikwa kwa mikono miwili. Mwaka 1997, baada ya ghasia za Likoni, nilikaa miezi bila kuvuta nanga. Mwaka 2002 hoteli ya Kikambala ikalipuliwa, Wazungu wakaondoka tena. Mwaka 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimama tangu Machi hadi Agosti. Mtu wa Nairobi, wa Nakuru, wa Machakos, ndiye anayerudi wa kwanza mambo yakitulia, na tangu reli mpya ianze mwaka 2017 safari yake ni ya siku moja tu. Hahitaji sanamu. Anahitaji maji, kivuli, taa, na mahali pa kubadilishia nguo za watoto.

Najua fedha ni haba. Mgao wa Hazina unachelewa, wanakandarasi wanadai. Lakini Katiba ya 2010 imewapa kaunti utalii wa mashinani, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka asilimia 30 ya bajeti, si chini ya hapo, iende kwenye maendeleo. Ikiwa fedha ni chache, tengenezeni kilichoharibika kabla ya kuanza kipya. Na kazi ifanyike wakati wa kusi, ufuo ukiwa mtupu. Mwaka wa fedha unaanza Julai, mkichelewesha zabuni mchimbaji anafika na jembe lake Desemba, wageni wakiwa wamejaa.

Mengine nayataja tu. Wekeni maboya ya kufungia boti, maana kila nanga inayotupwa inavunja matumbawe, na yaliyokufa kwa joto la bahari mwaka 1998 yanatosha. Wekeni taa dikoni, pale mashua zinapotia nanga. Wapunguzieni ada akina mama wa viazi karai na madafu. Ziara za ng'ambo ziahirishwe.

Nasi wananchi tusijifiche. Ni sisi tunaompa kura anayegawa leso, ni sisi tunaoacha chupa mchangani tukirudi nyumbani. Nimewaona watoto wangu mwenyewe wakifanya hivyo, nikawarudisha waokote.

Wanangu, makadirio ya bajeti yanafika kwenye bunge lenu la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Siombi mengi. Lifutwe fungu la sanamu, fedha zile zivute maji hadi vyooni, na kikao kijacho tuletewe kitabu cha Kiswahili, nakala za kutosha, hata bibi wa nyuma ashike yake.

Na yeyote kati yenu mwenye ufunguo wa kufuli ile aulete. Kuanzia alasiri mimi hukaa pale pale chini ya mvinje.

Mzee wenu,
Nahodha mstaafu