Ngoja kwanza na huyo Smart

Sahibu yangu,

Salaam nyingi. Wanao hawajambo? Sisi wazima, mafua tu.

Makala yako nimeisoma kwa pumzi moja. Maisha ya Christopher Smart, yule mshairi Mwingereza wa karne ya 18, umeyasimulia vizuri mno, wivu umenishika. Ila pale uliposema alikuwa na baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, nukta, bila hata "huenda", nimekwama. Nani kampima? Mtu kafa 1771!

Ushahidi wako mkubwa ni shairi lake Jubilate Agno, eti mistari yake inarukaruka, haina kichwa wala miguu. Shairi hilo lilichapwa mara ya kwanza 1939, na mhariri hakung'amua muundo wake. Ilikuwa hadi miaka ya 1950 ndipo mhariri mwingine, W. H. Bond, alipoonyesha kuwa karatasi za mistari inayoanza na Let ("na" ya kuamuru, kama "na afurahi") ziliandikwa ziende sambamba na zile za For ("kwa maana"), mstari kwa mstari, mmoja unaitikiwa na mwenzake kama kwenye ibada. Na muswada wenyewe umepotea sehemu kubwa. Sasa kurukaruka huko, kiasi gani ni cha akili yake na kiasi gani ni cha karatasi?

Sisemi alikuwa mzima. St Luke's, hospitali ya wagonjwa wa akili London, ilimpokea 1757, mwaka uliofuata ikamtoa ikisema hajapona. Alikuwa akiwabana watu wasali naye hata njiani. Lakini mwandishi Samuel Johnson, aliyemfahamu, alisema yuko radhi kusali na Smart kama na mtu mwingine yeyote. Na kuhusu Smart kulaumiwa kwa nguo chafu, Johnson alisema hata yeye mwenyewe hakuwa na hamu na safi! Tena kuna pombe, kuna madeni (alifia gerezani kwa madeni), na wewe umeyapitia mbiombio.

Halafu yule paka wake, Jeoffry, ndani ya shairi hilo hilo. Smart anahesabu paka anavyojiandaa, moja hadi kumi: kwanza anakagua miguu ya mbele kama ni safi, ya kumi anakwenda kutafuta chakula. Utaratibu ule kwenye orodha yako ya dalili umeuweka wapi? Au ndiyo hivyo, usipofaa unaachwa?

Jamaa yetu wa miwani atakuambia nimezidi. Usimsikilize, kwenye harusi ile alimgawia kila mtu ugonjwa wake, hadi bwana harusi.

Hebu niambie: ulisoma toleo lipi, la 1939? Dalili umezitoa kwa watu waliomwona au kwenye mashairi? Makala wanaitaka lini? Na mguu wa mama je? Usiitume kabla hujanijibu, tafadhali.

Wako yule yule mbishi