Mjomba, usitie saini kwanza

Mjomba, shikamoo.

Nasikia kampuni imekuletea mkataba wa kupanga lile ghala la Masasi kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, na wote ni Kiingereza kitupu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa najua wajomba wengine, Newala hadi Nachingwea, wanaletewa karatasi za namna hiyohiyo.

Humo utakutana na maneno mawili yanayofanana kama mapacha: "lessor" na "lessee". La kwanza ni wewe, mpangishaji. La pili ni kampuni, mpangaji. Tofauti iko mwishoni tu, na hapo ndipo pesa ilipo. Kifungu kikisema "lessee" atakarabati paa, upepo ukiezua mabati ni kampuni itakayonunua mengine. Kikisema "lessor", unanunua wewe, na huenda korosho za watu zimeshalowa ndani na wanakudai fidia. Aliyechapa anaweza kukosea bila nia mbaya, lakini saini itakuwa yako.

Kodi ya zuio nayo iangalie. Kampuni inapokulipa pango hukata asilimia 10 na kuipeleka TRA. Kazi hiyo ni ya mpangaji. Wewe dai cheti cha kodi hiyo iliyokatwa.

Sasa hapa Mjomba unisikilize vizuri. Tumezoea "employer" na "employee", yaani mwajiri na mwajiriwa, tukadhani mwenye -ee daima ndiye mnyonge. Sivyo. Siku ukikopa benki kwa kuliweka ghala rehani, wewe mkopaji ndiye "mortgagor", na benki ndiyo "mortgagee". Kinachoangaliwa ni nani anatoa na nani anapokea: wewe unatoa ghala liwe dhamana, benki inapokea. Kiswahili kinasema mweka rehani na mwekewa rehani, na hata asiyefika mahakamani maisha yake yote anaelewa.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini. Mkataba wa watu wawili bado unaweza kuandikwa kwa Kiingereza, ila waombe nakala ya Kiswahili, na kiwekwe kifungu kwamba nakala hizo zikipingana itafuatwa ya Kiswahili. Usiwaonee haya. Ghala ni lako, na wanaokimbizwa na msimu ni wao.

Piga picha kila ukurasa, pamoja na viambatisho, unitumie kwa WhatsApp. Nitapigia mstari kila "lessor" na "lessee", kisha tumpelekee wakili hapo Masasi kabla hujashika kalamu.