Kaka, sabusistemu yako haijafa

Kaka mambo vipi,

Meseji yako nimeiona, unauliza kwa nini sabusistemu yako ya triga (lile kundi la bloku linaloamshwa na ishara) imekaa kimya tu, na ile picha ya modeli nimeikuza mpaka macho yakaanza kuniuma. Kwanza tulia, Simulink yako, hiyo programu ya kuigiza mifumo kwa kuunganisha bloku, haina ugonjwa wowote. Ni kitu kile kile kilichonikosesha usingizi siku mbili nikajua nimeharibu modeli nzima, kumbe nilikuwa sijaelewa triga inaangalia nini.

Iko hivi. Ile sabusistemu nyingine ya kuwasha na kuzima inafanya kazi muda wote ishara ikiwa juu ya sifuri. Ya triga sio hivo. Yenyewe ni kama mlinzi aliyekaa mlangoni anaangalia kizingiti tu, na kizingiti chenyewe ni sifuri. Mtu akivuka anaandika mara moja basi, huko ndani urukeruke mpaka dari uguse, hana habari na wewe.

Sa rudi kwenye picha yako. Umechukua kimo cha maji ya tangi ukakichomeka moja kwa moja kwenye triga, kinaanza mita 1 kinapanda hadi 4, na unataka kikifika 3 kitu kitokee. Kutoka 1 mpaka 4 sifuri imevukwa wapi? Haijavukwa, ndo maana skopu, ile bloku ya kuchora grafu, inakuchorea mstari bapa. We toa 3 kwenye kimo kabla hakijafika kwenye triga, hapo tangi likiwa na mita 1 ishara inasoma hasi 2, maji yakifika 3 inatoka kwenye hasi na sabusistemu inafyatuka.

Ila mimi kwa tangi singetumia njia hiyo. Maji yanacheza bana, yakiwa pale pale kwenye 3 yanapanda kidogo yanashuka kidogo, na kila yakipanda mlinzi anaandika, mwisho kaunta yako ya kuhesabu matukio inakwambia tangi limejaa mara 40 wakati limejaa mara moja. Badala ya kutoa 3, weka hapo katikati bloku ya relei, yaani swichi yenye kiwango kimoja cha kuwaka na kingine cha kuzima, isome kimo chenyewe, iwashe kwenye 3.1 na izime kwenye 2.9, itatoa 1 au 0 na hivo viwimbi vidogo vyote vinamezwa.

Alafu ule ujumbe mwekundu unaokutukania sampo taimu, yaani kila baada ya muda gani bloku inafanya kazi. Fungua ile dilei ya ndani, bloku inayokumbuka thamani ya hatua iliyopita, naona umeiandikia 0.1. Futa, weka -1, maana yake irithi. Sabusistemu ya triga haina saa yake, inaamka ikiamshwa, sa ukiiwekea bloku inayotaka kuamka kila sekunde 0.1 lazima wagombane. Na kwa sababu hiyo hiyo usiweke integreta ya muda endelevu humo ndani, yaani bloku inayolimbikiza thamani bila kusimama, haikubaliki kabisa, hiyo itoe nje au tumia ya diskriti, inayokwenda kwa hatua. Ukishamaliza usishangae autiputi, yaani kinachotoka nje, kubaki pale pale kati ya tukio na tukio, inashikilia thamani ya mwisho, na kabla ya tukio la kwanza inatoa ile uliyoiandika kama thamani ya mwanzo kwenye mlango wa kutokea.

Kabla hujagusa tangi jaribu hiki kidude kwanza, ni dakika tano. Ndani weka namba 1, ijumlishe na dilei ya hatua moja, jibu lirudi kwenye dilei na pia litoke nje. Hiyo ndo kaunta. Aina ya triga chagua ile ya kwanza kwenye orodha, ya kupanda. Nje weka jenereta ya palsi, inayowasha na kuzima ishara kwa zamu, ukubwa 1, kipindi sekunde 2, upana asilimia 50, bila kuichelewesha, kisha kimbiza sekunde 9. Palsi zinaanza sekunde ya 0, 2, 4, 6 na 8, yaani tano, lakini kaunta itakwambia 4! Mimi hapa ndo nilipotezaga usiku wa pili. Ile palsi ya kwanza mlinzi alipofika kazini aliikuta tayari iko ndani, hakuiona ikivuka, kwa hiyo haiandiki. Fungua bloku ya triga, kuna setingi ya hali ya mwanzo ya ishara, kawaida imewekwa isifyatue kwenye ukaguzi wa kwanza, we weka sifuri, kimbiza tena utapata 5.

Kuhusu swali lako la kujua maji yamepanda au yameshuka, hauhitaji sabusistemu mbili. Chagua aina ya tatu, inayokamata kupanda na kushuka, alafu kwenye bloku hiyo hiyo ya triga tiki ionyeshe autiputi yake, itakupa 1 kwa kupanda na -1 kwa kushuka. Ukiichomeka kwenye ile kaunta badala ya namba 1, basi maji yakipita juu inasoma 1, yakirudi chini inasoma 0. Aisee hii niliipata kwa bahati tu nikicheza na matiki.

Ile aina ya nne ya kuitwa kwa fankisheni tuiache, hiyo tuongee kwa simu maana kuandika ntachoka na we utachoka zaidi.

Ukishaitoa hiyo 0.1 nitumie faili lenyewe, sio picha tena.

Wako yule yule wa siku zote.